Jambo Moja Alilolinong'ona Somo

Somo wangu hakujua kunong'ona. Akikuita kutoka kibandani kwake Kariakoo, wapagazi wa mtaa wa pili waligeuka. Akitoa pole msibani, wafiwa walishtuka. Akibishana habari za mpira, na alibishana timu yake ikifungwa na hata ikishinda, wenye maduka jirani walitoa viti nje wamsikilize vizuri. Lakini palikuwa na jambo moja ambalo lilimfanya ashushe sauti. Alisogea mpaka mdomo wake ukagusa sikio langu, akatazama mlango, halafu ndipo akauliza: "Umekunywa?"

Alikuwa akiulizia dawa zangu za kifafa.

Kwetu sisi watu wa Pwani, msichana akivunja ungo hutafutiwa mwanamke mtu mzima, asiye mama yake, amfunde usafi, adabu na mambo ya ndoa. Huyo ndiye somo, na msichana anabaki kuwa mwari wake hata akizeeka na wajukuu. Mama mzazi unaweza kumficha jambo, somo humfichi. Na mkishafunga mlango mko ndani, hakuna mwenye ruhusa ya kubisha, awe mama, awe mume, awe mama mkwe. Naueleza mlango huo mapema kwa sababu ndio ulionilinda, na ndio nusura uniue.

Somo wangu alikuwa akiuza udi, hina, marashi, liwa ya msandali na singo, yale mavumba ya kusugulia ngozi za maharusi. Pua yake ilikuwa na kiburi kuliko yeye mwenyewe. Mama mmoja alimletea singo aliyonunua kwingine amwambie kama ni nzuri. Somo alifungua kifuko, akanusa, akakifunga. "Kampake mbuzi wako," alimwambia, "na mbuzi mwenyewe umuombe radhi." Yule mama akaondoka amenuna, na kesho yake akarudi kununua. Alikuwa hivyo, anakutukana na bado unamrudia. Mhindi wa duka la viungo lililomkabili aligombana naye kila asubuhi juu ya ubora wa karafuu, na Somo hakununua karafuu kwa mtu mwingine yeyote.

Alitufunda wasichana kuinamisha macho, yeye mwenyewe hakuwahi kuyainamisha mbele ya mtu. Alitufunda kuvumilia ndoa, naye aliolewa zaidi ya mara moja na kila mara aliondoka mwenyewe, na kapu lake kichwani. Alitufunda kupika. Pilau yake ilishika chini siku zote, mwisho akawa anatutuma kwa mama ntilie huku akituapisha tusimseme. Nilimpenda tangu hapo, kwa sababu ya hiyo pilau.

Mimi nilianza kuanguka nikiwa shule ya msingi. Kulikuwa na majirani waliosema ni shetani, na mama yangu alianza kuwaamini. Somo alikataa. "Shetani gani huyo anayekuja kipindi cha hesabu tu?" alisema, akasimamia nipelekwe kliniki. Nikapewa vidonge, nikatulia. Katika hilo alikuwa na akili iliyowashinda wengi. Lakini palepale alipotoka kliniki alimshika mama mkono akamwambia kwamba jambo hili halitamtoka mtu mdomoni, kwa sababu msichana anayejulikana kwamba huanguka haposwi. Akanifundisha kumeza kidonge bila maji, katikati ya watu, kwa kujifanya ninarekebisha ushungi. Nilikuwa hodari. Nilijivunia ustadi ule miaka mingi. Leo nikiukumbuka nasikia uchungu tu, maana hakuna mtoto anayepaswa kuujua.

Mwanamume alipotaka kuniposa, nilimwambia mwenyewe kwa simu kabla barua haijaja kwetu, bila ruhusa ya Somo. Alikuwa dereva wa lori la Tunduma. Nilisikia injini ya lori, kisha akasema, "Na mimi nina vidonda vya tumbo. Ila tusimwambie mama yangu, presha yake haitaki mambo." Basi tukawa wanne wenye siri: mimi, mama, Somo, na mume mtarajiwa.

Kosa lenyewe Somo alilifanya kwa mapenzi. Tulikwenda kliniki mara ya mwisho kabla sijawekwa ndani kusubiri harusi. Nesi aliposikia naolewa alisema vidonge vile vya siku zote vinaweza kumdhuru mtoto akiwa tumboni, kwa hiyo nirudi wiki ijayo nimwone daktari tupange dawa nyingine kabla sijafikiria kuzaa. Wiki ijayo! Wiki ijayo ningekuwa mwari wa ndani, na mwari wa ndani hatolewi juani. Somo alilijua hilo kuliko mtu yeyote. Tulipofika nyumbani akaufunga mlango, akazichukua dawa zangu akazifunga kwenye pindo la kanga yake. "Hizi zinaharibu watoto," alininong'oneza. "Zimeishia hapa."

Asubuhi moja alikuwa akinisugua singo. Nakumbuka harufu ya marashi ya waridi, nakumbuka akimsema refa wa mechi ya jana. Kinachofuata ni dari ya hospitali. Nilisimuliwa kwamba nilianguka, na kabla sijapata fahamu nikaanguka tena, na tena, na kwamba Somo alinibeba mwenyewe mpaka kwenye bajaji nimeviringishwa kanga, singo imekauka usoni kama udongo wa ukuta.

Daktari alikuwa mwanamke kijana, mpole wa sauti. Aliuliza nani aliyesimamisha dawa. Mama alikwisha fungua mdomo kudanganya.

"Mimi," Somo alisema. "Nilisikia zinaua mtoto."

"Zinaweza kumdhuru mtoto, ni kweli, mama," daktari alijibu. "Na kuziacha ghafla kunaweza kumuua huyu kabla hata ya huyo mtoto. Yote mawili ni kweli. Wewe ulishika moja."

"Sasa nitashikaje yote mawili?" Somo aliuliza.

Tukaelezwa mpango. Ningeanza dawa nyingine, lamotrijini, kwa kipimo kidogo sana, kipandishwe taratibu, huku ile ya zamani ikiendelea. Hii mpya ikishakaa ndipo ile ya zamani ianze kupunguzwa. Mpaka hapo nisishike mimba. Na nisijiongezee wala kujipunguzia, hata nikijisikia mzima. Kisha daktari akamgeukia Somo, kana kwamba alijua nani ataibeba kazi hii.

"Jambo kubwa ni ngozi," alisema. "Dawa hii watu wengi wanapatana nayo, lakini kuna wachache inawaletea upele mbaya, na hatari inazidi kwa sababu ile ya zamani bado imo mwilini. Ukiona upele, vidonda mdomoni, homa, macho kuwa mekundu, mlete. Si kesho. Siku hiyohiyo. Na asipakwe vitu vipya kwenye ngozi, tusije tukashindwa kujua upele umetoka wapi."

"Singo je?"

"Singo pia."

"Hina?"

"Hina pia, mama."

"Liwa kidogo, ya usoni tu?"

Daktari alifumba macho kidogo. Somo akaitazama mikono yake, ile mikono iliyojaa rangi na harufu za maharusi wa nusu ya Kariakoo, akaiweka mapajani.

Ndivyo nilivyoolewa mkavu. Bibi harusi bila hina, bila udi, bila hata tone la marashi. Wanawake walinusa hewa wakatazamana. Mmoja aliuliza, si kwa kunong'ona, kwamba harusi gani hii bibi harusi anakuwa kama ametoka kufua. Somo akamjibu kwa sauti ya kufunika ngoma kwamba huo ndio mtindo mpya, na kwamba yeye amechelewa kuupata kwa sababu anakaa mbali na mjini. Nilicheka chini ya ushungi. Baadaye nilimwona amesimama uani peke yake, anajipangusa macho kwa pembe ya kanga.

Nikahamia Magomeni, nyumba ya mama mkwe, vyumba huku na huku, vingine vya wapangaji, na ua nyuma. Mume wangu alirudi barabarani. Kila asubuhi Somo alikuja na kapu lililofunikwa kitambaa, akapita ukumbini akisalimia nyumba nzima, akaingia chumbani kwangu, akafunga mlango. Kapu halikuwa na kitu ila dawa. Alifungua dirisha ili apate mwanga, akanivua, akanikagua kama mtu anayechambua mchele: nyuma ya masikio, kwapani, kifuani, tumboni. "Fungua mdomo." Alishusha mdomo wangu wa chini kwa kidole gumba, akaangalia. Kisha ile sauti ndogo: "Ya jana jioni umekunywa?"

Safari moja nilimwambia nimeisahau. Mkono wake ukaenda moja kwa moja kwenye vidonge, atoe viwili kwa pamoja. Ukasimama hewani. "Hapana," alisema, "mimi nilishajifanya daktari mara moja." Akatoka kwenda kumpigia simu daktari mwenyewe, akarudi na jibu.

Nilimwogopa mama mkwe kwa sababu nilikuwa namdanganya. Yeye hakuwa mbaya hata kidogo. Alikuwa mjane mpole, wa kuongea kidogo, na mlango wangu uliofungwa ulimuumiza. Alisikia minong'ono kila asubuhi katika nyumba yake mwenyewe. Nilimwona akipita na ndoo, anapunguza mwendo, halafu anaona haya anaharakisha. Sijui alidhani tunafanya nini humo. Kama alidhani tunamtengenezea mwanawe limbwata la kumtia kiganjani, nisingemlaumu.

Sikukuu ya Idi ilipokaribia, mchana mmoja Somo akiwa ameshaondoka, mama mkwe alibisha mlangoni. Alikuwa na bakuli. Tangu asubuhi alikuwa akitwanga uani na sikuuliza anatwanga nini.

"Mwanangu, mume wako anafika keshokutwa," alisema. "Mimi si somo wako, na sitaki kumwingilia mtu kazi yake. Lakini toka uje hapa unanukia sabuni tu. Njoo."

Ningesema nini? Ningemwambia daktari kakataza, angeuliza daktari wa nini. Nikakaa mkekani. Alinisugua polepole huku akiimba kwa chini, na ilikuwa mara ya kwanza kunigusa. Nilifumba macho. Nilikuwa na furaha, nakiri, furaha ya mtoto aliyekuwa hapendwi kisha akapendwa. Usiku ule nililala nikinukia kama maharusi wengine.

Asubuhi niliamka na homa, midomo inawaka. Somo alipoingia ukumbini pua yake ilitangulia.

"Nani kampaka?" alipiga kelele kabla hajaufikia mlango.

Alinivua. Madoa mekundu yalikuwa yametapakaa kifuani na tumboni, mengine yanapanda shingoni. Akashusha mdomo wangu wa chini. Ndani kulikuwa na vidonda.

"Ni singo au ni ile dawa?" alininong'oneza. "Alikupaka wapi? Sema!"

Nilijibu ovyo, nikasema kila mahali, sijui, nina baridi. Homa ilikuwa imenichanganya. Somo akanifunga kanga mbili, akanishika kiunoni, tukatoka. Mama mkwe alikuwa amesimama kati ya ukumbi na ua, bakuli lake tupu mkononi. Ameyaona madoa ya shingoni na uso umemshuka.

"Ni singo yangu," alisema. "Nimemchoma mtoto wa watu. Mrudishe ndani, dada, nitampaka liwa, itapoa. Ukimtoa hivi mtaa mzima utasema mkwe wangu nimemuunguza, na mumewe hayupo."

"Tupishe."

"Kwa upele? Hospitali kwa upele wa singo? Wewe kazi yako ni hii, hujapata kuona singo ikimkataa mtu?"

Somo alimsogelea. Niliona anainama kwenye sikio la mama mkwe, niliona midomo yake inajiandaa kwa ile sauti ndogo ambayo ilikuwa yangu peke yangu. Wapangaji walikuwa uani wanafua. Somo aliwatazama, akanitazama mimi niliyekuwa nikining'inia kwenye mkono wake, kisha akanyooka.

"Mkweo ana kifafa," alisema, kwa sauti yake yote ya Kariakoo. "Anakunywa dawa mpya, na dawa hiyo inaweza kumvua ngozi na kumuua. Mimi ndiye niliyekuficha. Sasa niambie, singo yako ulimpaka wapi, na kulikuwa na nini ndani yake?"

Kufua kukasimama. Mimi nilitamani sakafu ipasuke. Miaka yote ile ya kumeza vidonge chini ya ushungi, na sasa hata bomba la uani lilikuwa limesikia. Nilidhani ndoa yangu imekwisha hapo hapo.

Mama mkwe aliweka bakuli chini.

"Mikono," alisema polepole. "Na miguu, kuanzia magotini. Tumbo na kifua sikumgusa. Niliona haya kumvua mtoto wa watu." Alitazama tena shingo yangu, nadhani ndipo alipoelewa alichokisema. "Nisubirini nivae baibui."

Hospitalini ni yeye aliyezungumza. Alimtajia daktari kila kilichokuwamo bakulini, dengu, karafuu, msandali, marashi, na akaonyesha kwenye mwili wake mwenyewe alikopaka na ambako hakupaka. Daktari alinitazama mikono na miguu, misafi kabisa, akanitazama kifua, akanitazama mdomo, akasema si singo, ni dawa. Lamotrijini ilisimamishwa palepale kwa amri yake, ile ya zamani ikabaki kunilinda, nikalazwa. Ngozi ya kifuani ilichubuka, midomo ikawa vidonda vitupu, nilikunywa uji kwa mrija. "Mngempaka liwa mkasubiri..." daktari alimwambia mama mkwe.

Kutoka kitandani niliwasikia hao wawili kwenye benchi la nje.

"Akianguka nifanye nini?" mama mkwe aliuliza.

"Mlaze ubavu. Ondoa vitu vya kumuumiza. Usimtie kijiko mdomoni wala usimkandamize. Angalia saa, ikipita dakika tano hajatulia, au akianguka tena kabla hajazinduka, mkimbize hapa."

"Basi?"

"Basi. Na dawa zake asiziache, hata mtu mzima kama mimi akimwambia aziache."

Mama mkwe akasema, bila hasira, "Ningejua, nisingeleta lile bakuli."

"Ungejua," Somo alijibu, na nikamsikia akilia. Alilia kwa kelele, kama alivyofanya kila kitu.

Dawa ya tatu ilinikubali. Ile ya zamani ikapunguzwa mpaka ikatoka, nikapewa na vidonge vya foliki vya kumkinga mtoto, na daktari aliporidhika ndipo aliposema sasa naweza kushika mimba. Nilipimwa damu mara nyingi mimba ilipokuwa ikikua, dawa ikaongezwa pale ilipobidi, na kila mara nilisindikizwa na wanawake wawili waliogombana njiani nani anishike mkono. Binti yangu alizaliwa mzima. Siku hizi ni mama mkwe anayeniuliza kutoka jikoni, chumba hadi chumba, kama nimekunywa, na wapangaji wakimsikia wanamsaidia kuuliza.

Somo alizeeka ghafla. Miguu ilimkataa, akawa anauza akiwa amekaa kwenye kigoda, kapu ubavuni. Nilimtembelea Kariakoo juzijuzi, nimemchukulia pilau isiyoshika chini, na hata sijamwamkia ameshaniona katikati ya mikokoteni na watu.

"Mwari wangu!" aliita. "Dawa ya kifafa umekunywa leo?"

Mtaa mzima ukageuka.

"Nimekunywa, Somo! Shikamoo!"

"Marahaba. Kaa hapo, nina wateja."

Wateja wenyewe walikuwa mama mmoja na bintiye, msichana aliyejitanda mtandio hadi puani. Wanataka singo ya harusi, na nzuri. Somo alikipima kifuko, akakifunga, lakini hakumpa yule mama.

"Huyu mwari anakunywa dawa gani?"

"Hana ugonjwa wowote, bibi," mama alijibu haraka mno. "Mzima kabisa."

Somo aliendelea kukishika kifuko. Hakubishana, jambo ambalo lilinitisha. Alinigeukia tu na kusema, "Mwonyeshe."

Nilivuta ushungi wangu kando. Madoa meusi yangali pale, kutoka shingoni kushuka chini, hayajawahi kufutika na sijui kama yatafutika. Watu walikuwa wanapita wanatukanyaga. "Mimi nina kifafa," nilimwambia yule msichana, kwa sauti ya kawaida, kama mtu anayesema anakaa Magomeni. "Dawa mpya ilinitoa upele, ikadhaniwa ni singo niliyopakwa, kwa sababu watu hawakuambiwa. Nina mtoto sasa."

Mama wa msichana alimshika bintiye mkono aondoke naye. Msichana hakuondoka. Alimtazama Somo, akainama mpaka karibu na sikio lake, akafunika mdomo kwa mtandio, akaanza kusema kitu ambacho sikukisikia.

Somo alikirudisha kile kifuko kapuni. Mimi nikasimama, akamsogezea msichana kigoda nilichokuwa nimekalia.

"Kaa, mwanangu," alimwambia. "Anza mwanzo. Na usinong'one."